Mifuko ya Gari la Mkunga

Gari la kwanza katika ukoo mzima lilinunuliwa na mwanamke. Mume wake, fundi cherehani, hakumruhusu mtu yeyote asahau jambo hilo.

"La mke wangu hilo," aliwaambia wateja kabla hawajauliza. "Mkunga hawezi kukimbilia wajawazito kwa miguu."

Lilikuwa limeshatumika, lakini fundi alilipamba kama bibi harusi. Alilishonea vitambaa vipya vya viti. Aliliosha mpaka chini ya mazulia.

"Baba watoto," mkunga alimtania, "bado kulipima suti tu."

Asubuhi moja simu ililia. Mjamzito wa mtaa wa pili ameshikwa na uchungu. Mkunga alichukua mkoba wake, akaingia garini, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Gari kimya. Maandishi yakatokea kwenye kioo cha skrini kilicho karibu na usukani: "Gari limezuiwa na mmiliki."

"Mmiliki?" mkunga alifoka. "Mmiliki si mimi hapa?"

Fundi alifungua boneti, akatazama, akaifunga. Yeye na injini walikuwa hawajuani.

Jirani yao, dada mmoja fundi umeme wa magari, alikuwa anatoka kwenda kazini. Hakuuliza mengi.

"Panda langu, dada. Gari litangoja. Mtoto hangoji."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima.

Alasiri jirani aliketi kwenye kiti cha dereva, akagusagusa kile kioo.

"Shemeji, gari hili mlilinunua kwa nani?"

"Kwa mzee mmoja mstaafu. Muungwana kabisa."

"Basi muungwana bado yumo humu. Simu yake haijaondolewa."

Akawaeleza taratibu. Magari mengi ya siku hizi yana mtandao, kama simu. Yanatuma taarifa: yako wapi, yanakwenda kasi gani, breki zimechoka kiasi gani. Watengenezaji wanazitumia kugundua ubovu mapema. Kampuni nyingine za bima huangalia mtu anavyoendesha, ndipo zipange ada yake. Na mwenye gari anaweza kulizuia lisiwake kwa simu yake, hata akiwa mbali.

Walimpigia mzee simu.

"Jamani!" mzee alisema. "Nilinunua jingine la aina hiyo hiyo. Leo naangalia kwenye simu, naona gari langu liko mtaa nisioujua. Nikadhani ni hilo jipya limeibiwa, nikalizuia! Nisameheni sana."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Mkunga hakucheka.

"Kwa hiyo mzee angeweza kuona kila nyumba niliyokwenda?"

"Angeweza, dada."

Mkunga aliutazama mkoba wake.

"Kuna nyumba naingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mwenyewe hataki watu wajue. Wanawake wananipa siri zao kabla ya kunipa watoto wao niwapokee. Siri hizo zikivuja, nani ataniita tena?"

Fundi aliacha kucheka. Jirani akamgeukia.

"Shemeji, nguo ya mtumba ikifika mezani kwako, unaanza na nini?"

"Kupekua mifuko," alijibu bila kufikiri. "Watu wanasahau picha, funguo, hata..." Akashika kichwa. "Kumbe gari nalo lina mifuko!"

"Tena mingi."

Siku hiyo hiyo waliipekua. Mzee alilifungua gari, kisha akaliondoa kwenye simu yake. Jirani akafuta kumbukumbu zote za zamani: ramani, namba za watu, safari. Kisha akaunganisha simu ya mkunga, na mkunga akaweka namba mpya ya siri. Gari likaanza kuuliza maswali.

"Linataka kutuma hali ya injini na breki kwa watengenezaji," jirani alisema.

"Litume. Nisije nikakwama njiani."

"Na safari zako, wengine wazione?"

"Hapana. Hizo si zangu peke yangu."

"Umesema. Ila si kila gari linakupa nafasi ya kukataa. Ndiyo maana tunauliza kabla ya kununua."

Mwisho gari liliuliza jina la mmiliki. Fundi alipendekeza jina la ukoo, lenye heshima zake. Mkunga aliandika neno moja tu.

Siku hizi mteja akimwambia fundi kwamba anatafuta gari, mkasi unawekwa chini. "Umepekua mifuko?" anamuuliza, na mteja hatoki mpaka aelewe. Gari nalo liliwahi kumwarifu mkunga kwamba breki zinakwisha. Zilibadilishwa kabla hazijamletea balaa. Na wanawake bado wanamwita, hata wa milango ya nyuma.

Kila asubuhi fundi anasimama kando ya gari, sindano mkononi. Mkunga anabonyeza kitufe, na sauti inatoka: "Karibu, Mkunga."

"Zima, uwashe tena," fundi anasema.

"Baba watoto, mafuta!"

"Mafuta nitanunua mimi. Washa, mtaa usikie."