Alama ya Chaki

Fyuzi alikuwa anafagia uwanja wa gereji ya mama yake pale gari lilipoingia getini bila mlio wowote. Lilikuwa pikapu kuukuu, rangi yake ya bluu imepauka, na nyuma yake wapita njia wawili walikuwa wanalisukuma huku migongo imeinama. Aliyeshika usukani ni mzee mwembamba ambaye hakuna mtu gerejini aliyewahi kumwona.

"Hodi wenyewe," mzee alisema gari liliposimama. "Mniwie radhi kwa kuja bila taarifa. Hili gari naliita Bwana Harusi. Halitoki bila watu kulisindikiza."

Wale wawili wakacheka, wakafuta jasho, wakaenda zao.

"Shikamoo, babu," Fyuzi alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeelekezwa kwamba hapa kuna fundi wa umeme wa magari."

"Yupo. Ni mama yangu."

Mama alikwisha toka ndani, anajifuta mikono kwa kitambaa. Siku hiyo alikuwa amepanga kufunga mapema. Saa nne timu ya netiboli ya shule ingecheza fainali kwenye uwanja ulio nyuma ya gereji, na Fyuzi ndiye mfungaji. Jezi yake alishaivaa tangu alfajiri, chini ya shati kuukuu la kazi.

Jina la Fyuzi alipewa na mama yake mwenyewe. Mtoto yule alikuwa na bidii, lakini subira hakuwa nayo. Jambo likichelewa kidogo tu, keshawaka, na kabla hujamtuliza, keshazimika.

"Limefanyaje, mzee wangu?" Mama aliuliza.

"Nilisimama kununua maji. Kurudi, nazungusha ufunguo, linasema 'tk' halafu kimya. Lakini gari lenyewe si tatizo, mwanangu. Tatizo ni abiria."

Akafunua turubai. Nyuma ya pikapu kulikuwa na maboksi yenye matundu, yamejaa vifaranga walioanguliwa jana yake. Sauti zao zilipanda zote kwa pamoja.

"Wanasubiriwa na kikundi cha akina mama, safari ya nusu siku kutoka hapa," mzee alisema. "Gari likitembea wanapata upepo. Likisimama juani, wanakufa. Na jua la leo mnaliona."

"Washushe kivulini," Mama alisema. "Fyuzi, msaidie babu."

Wakayapanga maboksi chini ya paa la gereji. Mzee akamwonyesha Fyuzi jinsi ya kukichovya kidogo kidomo cha kifaranga kwenye maji ili ajue kunywa, na jinsi ya kuwapepea kwa kipande cha kadibodi.

"Mimi natafuta simu niwaambie wenyewe kwamba nimekwama," mzee alisema. "Utanitazamia hawa?"

"Nitawatazama mpaka gari liwake na boksi la mwisho lipande, babu," Fyuzi aliahidi. Aliona ni ahadi nyepesi. Magari ya namna hii mama yake huyawasha kabla chai haijapoa.

Mama alifungua boneti. Katika gereji ile kulikuwa na utaratibu mmoja ambao haukuvunjwa. Kitu kikishapimwa na kuonekana kizima, kinawekewa alama ya chaki. Anayekuja nyuma akiona chaki, hapotezi muda kukipima tena. Chaki zenyewe ni vipande vifupi ambavyo Fyuzi alipewa shuleni na mwalimu wake.

Mama akapima betri kwa mita yake, akaichora mstari mweupe. "Betri ina nguvu. Sasa safisha vichwa vyake, pale nyaya zinapofungwa, halafu fuata huu waya mweusi, waya wa ethi. Unajua kazi yake?"

"Umeme unatoka betri kwa waya mwekundu, unarudi kwa mweusi."

"Ehe. Njia ya kurudi ikiziba, umeme unakwama, hata betri iwe na nguvu vipi. Fungua bolti yake pale kwenye bodi ya gari, piga msasa mpaka chuma king'ae, kisha funga. Mimi nafuata waya mwekundu."

Fyuzi alisafisha vichwa vya betri vizuri kabisa. Kisha akainama kwenye ile bolti ya ethi. Ilikuwa imeganda kwa kutu. Akakaza mkono, spana ikateleza, kidole kikagonga chuma. Akajaribu tena, ikateleza tena. Wakati huohuo rafiki yake, ambaye shule nzima humwita Nahodha, alipita nje ya uzio akiwa na mpira kwapani.

"Wewe, bado uko na mafuta mikononi? Tunaanza kupasha misuli."

"Nakuja sasa hivi."

Fyuzi aliitazama bolti. Kwa juu ilionekana imekaza vizuri. Kwani waya umekatika? Haujakatika. Akaifuta vumbi kwa kitambaa, akatoa chaki mfukoni, akachora mstari.

"Ethi tayari?" Mama aliuliza kutoka upande wa pili.

"Tayari, Mama."

Mama akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka. Alipotaka kupiga stata, zikafifia zote, na gari likasema "tk".

Akaleta betri nyingine kuisaidia ile, hali ikawa ileile. Akasimama, akahesabu alama za chaki kwa macho: betri, waya mwekundu, fyuzi za gari, ethi. Zote nyeupe.

"Basi ni stata, ndiyo inayogoma kuzungusha injini," alisema. "Inabidi ishuke."

Kushusha stata ya gari lile hakukuwa mchezo. Ilijificha chini ya injini, na Mama alilazimika kulala chali juu ya kadibodi, vumbi likimdondokea usoni. Fyuzi alirudi kwa vifaranga na kuanza kuwapepea. Jua lilipanda. Kivuli cha paa kilizidi kuwa chembamba, akayasogeza maboksi, kikapungua tena, akayasogeza tena. Vifaranga waliacha kupiga kelele. Walifungua midomo, wakatanua mabawa yao madogo, wakahema.

Mzee alirudi, akachungulia boksi la mwisho, akamtoa kifaranga mmoja na kumweka kiganjani. Akamchovya kidomo kwenye maji. Kifaranga hakunywa. Shingo yake ililala upande.

"Huyu ametangulia," mzee alisema polepole. Hakumlaumu mtu. Akamfunga kwenye leso na kumweka pembeni.

Fyuzi akazidisha kupepea.

Mama alitoka chini ya gari na stata mikononi. Akaiweka mezani, akaiunganisha moja kwa moja na betri. Ikazunguka kwa nguvu mpaka ikaruka kidogo.

"Nzima," Mama alisema. Akakaa juu ya tairi kuukuu, akafuta uso. "Betri nzima, waya mzima, ethi safi, stata nzima. Mzee wangu, nitakuwa mkweli. Imebaki kufungua dashibodi yote nifuate nyaya za swichi, na hiyo ni kazi ya kutwa. Ni afadhali utafute gari lingine la kubeba vifaranga."

"Nimeshauliza huko nilikopigia simu, mwanangu. Hakuna."

Fyuzi alikitazama kile kipande cha kadibodi mkononi, akaitazama leso ya mzee. Hakuna aliyemshuku. Angekaa kimya, lawama zote zingeishia kwa gari.

"Mama," alisema. "Ethi sikuifungua."

Mama aligeuka.

"Bolti ilinishinda. Nikaifuta juu tu, nikaweka chaki."

Fyuzi alitamani afokewe yaishe, lakini Mama alinyanyuka, akachukua mafuta ya kulainisha kutu na spana ndefu.

"Shika taa," alisema.

Bolti ililia, ikakubali. Chini ya kichwa cha waya palikuwa na kutu nene, ya kahawia na kijani, imejikunja kama magamba. Umeme ulikuwa unapita kwenye upenyo mwembamba tu, unaotosha taa, lakini hautoshi kugeuza injini. Mama alimpa Fyuzi msasa. Fyuzi akasugua, akapuliza, akasugua tena mpaka chuma kikang'aa na mkono ukamuuma. Safari hii hakugusa chaki.

"Sasa stata irudi mahali pake," Mama alisema. "Na kurudisha ni kugumu kuliko kushusha."

Nahodha alitokea getini, safari hii anakimbia. "Fyuzi, wapinzani wameshafika, refa anakagua majina. Twende."

Mama alichungulia kutoka chini ya gari. "Nenda, mwanangu. Umeshasema ukweli, kazi iliyobaki ni yangu. Babu atapepea."

Mzee naye akatikisa kichwa kukubali. Lakini alikuwa amechoka, ameketi chini na viatu amevivua, na maboksi yalikuwa yanahitaji kusogezwa tena. Fyuzi alitazama upande wa uwanja. Wiki nzima alikuwa amelala akiota mabao.

"Nilimwambia babu nitawatazama mpaka gari liwake," alisema.

"Wiki nzima umetuimbia mabao," Nahodha alisema, "na leo unalea kuku?"

"Nisamehe. Mpe Twiga nafasi yangu. Ni mrefu kuliko mimi, hata asiporuka atafunga." Akaenda nyuma ya mlango wa gereji, akavua jezi, akavaa shati la kazi tena. Jezi akaikunja, akampa Nahodha. "Ina jasho kidogo."

Nahodha aliichukua, akaondoka mbio.

Fyuzi akarudi kwenye maboksi. Akapepea, akabadilisha maji, akawachovya midomo wale waliokuwa wanalegea. Mmoja aliyekuwa amelala kifudifudi alikunywa, akatikisa kichwa, akasimama kwa miguu inayotetemeka. Filimbi ya kwanza ilisikika kutoka uwanjani. Hakugeuka.

Mechi ilikuwa imekwisha kuchangamka pale Mama alipotoka chini ya gari, shati lote vumbi. "Mzee, jaribu."

Mzee akazungusha ufunguo. Bwana Harusi akakohoa mara moja, akanguruma. Moshi ukatoka, vifaranga wakapiga kelele zao zote, na mzee akacheka peke yake ndani ya gari.

Mama alichukua chaki, akamwita Fyuzi kwenye boneti iliyo wazi.

"Bolti kukushinda si kosa," alisema. "Hata mimi huwa zinanishinda. Ungeniita, ningekuja na spana ndefu, na sasa hivi mzee angekuwa mbali. Lakini ulipoweka chaki, ulinifumba macho. Nilipita pale mara ngapi, naiona alama yako, naiamini, naondoka? Mtu anayefanya kazi na wenzake anasema alichokifanya, na ambacho hakukifanya anakisema vilevile. Ndiyo maana nimefurahi uliposema, ingawa ulichelewa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Basi weka alama. Safari hii ni yako kweli."

Fyuzi akachora mstari mmoja mweupe kando ya bolti. Kisha akaanza kupandisha maboksi.

"Acha, mjukuu wangu," mzee alisema kutoka dirishani. "Gari limewaka. Kimbia, labda utawahi mwisho wa mechi."

Kelele zilipanda uwanjani. Mtu alikuwa amefunga bao, na Fyuzi hakujua ni wa timu ipi.

"Boksi la mwisho bado, babu," alisema.

Akayapandisha mengine yote, na la mwisho akalibeba kwa mikono miwili, taratibu, asiwatikise waliomo. Akalipanga upande upepo unakoingilia, akashusha turubai nusu, akafunga kamba. Filimbi ndefu ya kumaliza mchezo ikalia nyuma ya uzio wakati anakaza fundo.

"Sasa nenda salama, babu," Fyuzi alisema, na akaenda kufungua geti.