Majivu ya Nyasura

Du. Du. Du-du.

Sauti ile ilikuwa nyuma ya sauti nyingine. Mbele, mwanamume alikuwa akisalimia kwa adabu. Nyuma yake, mbali, kitu kilikuwa kikigongwa. Kisha redio ikakoroma na kunyamaza.

Magige alifumbua macho.

Alikuwa amekaa kwenye stuli katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bati, Musoma mjini. Saa yake ya Seiko ilisema saa moja na dakika kumi asubuhi. Mbele yake, mezani, kulikuwa na redio kol ya Racal, betri ya gari na daftari. Mbele ya redio alikaa Mama Wankyo, kipaza sauti mkononi, miwani imefungwa uzi.

"Huyo ndiye Ningu," mama alisema. "Yule mfiwa wangu."

"Yuko wapi?"

"Nyasura, Bunda. Ananunuaga pamba. Anaitwa Leodgar."

Redio ikafufuka.

"Mama wa Duara, Ningu hapa. Samahani kwa kuuliza. Mtumbwi wa dawa unaondoka lini? Kuna ndugu zetu kule rasini. Ovaa."

Du. Du. Du-du.

Mama Wankyo akamtazama Magige. Magige akatikisa kichwa.

"Ningu, bado sijaambiwa. Endelea kusikiliza. Ovaa."

Akakitua kipaza sauti polepole, kama mtu anayetua yai.

Mkono wake uliwahi kuendesha simu zote za Musoma. Miaka ishirini na sita ya posta, kuchomeka nyaya na kuchomoa, "namba tafadhali". Alipostaafu, nchi ilikuwa imekauka: petroli hakuna, sabuni hakuna, barua ya kutoka rasini inachukua wiki tatu. Ndipo alipoanzisha Duara la Asubuhi. Vituo ishirini na viwili vyenye redio, zahanati, misheni, vyama vya wavuvi, vyote katika masafa mamoja kila saa moja asubuhi. Nani mgonjwa, wapi kuna dhoruba, nani kaibiwa nyavu. Kila mwanachama alipewa jina la samaki.

Kuingia hakukuwa rahisi. Unakuja kwa miguu yako hadi mezani kwa Mama Wankyo. Unaleta wadhamini wawili. Unaulizwa kwa baba na kwa mama mpaka babu wa nne. Kisha mwezi mzima unasikiliza tu. Ukibonyeza kitufe kusema, umejitoa.

Miaka mitatu mlango huo haukuvuja.

Wiki mbili zilizopita, ukavuja.

Kipindupindu kilikuwa kimelipuka rasini. Mvua ilikuwa imebeba daraja, dawa zikapelekwa kwa maji. Siku ya safari ilitajwa katika Duara. Katikati ya ghuba, watu watano wenye bunduki waliukamata mtumbwi, wakachukua katoni zote za dripu na kutokomea. Katoni zile zilionekana siku tano baadaye, ng'ambo ya mpaka, zikiuzwa kwa bei ya ng'ombe.

Rasini walikufa watu wanne.

Usiku habari ya vifo ilipofika, Magige alipigiwa simu. Sauti kutoka ofisi ya usalama haikusalimia.

"Kamongo. Mvua imenyesha."

"Natoka topeni."

Basi. Kamongo lilikuwa jina lake kazini, samaki anayelala topeni kiangazi kizima akingoja mvua, na amri nzima ilikuwa hiyo.

Sasa mtumbwi wa pili ulikuwa uondoke Alhamisi. Leo ilikuwa Jumatatu. Sista Hyasinta, muuguzi wa zahanati ya rasini, alikuwa amesema asubuhi ile kwa sauti kavu: wagonjwa thelathini na mmoja, dripu sita.

"Mama, huyu Leodgar alidhaminiwa na nani?"

Mama Wankyo alivua miwani.

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Alikuja hapo mlangoni analia, mwanangu. Kichwa amenyoa. Mama yake amefariki, ndugu wako rasini, anaomba masafa awaarifu. Ungemwuliza wadhamini? Ungemwuliza babu wa nne? Mfiwa haulizwi. Wewe umezaliwa wapi, hujui hilo?"

Magige alilijua. Mkoa mzima wa Mara unalijua. Mtu akija na msiba, unamfungulia kwanza. Maswali yatamkuta akila.

Mtu aliyelitumia neno hilo kama ufunguo bandia alikuwa ama si wa huku, ama wa huku aliyeoza.

"Kile kinachogongwa nyuma yake, mama. Ulishakisikia kabla?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza. Si anajenga?"

"Msumari ukigongwa unalia, kisha unamezwa na mti. Kile kinalia bubu. Marehemu baba alikuwa fundi mitumbwi, mama. Nililala utotoni kwa mlio ule. Ni pamba inashindiliwa katikati ya mbao. Kalafati."

Akasimama. Akachomeka bastola ya Browning kiunoni, chini ya shati.

"Nyasura hakuna ziwa," alisema. "Nipe kilo ya sukari. Nakwenda kuhani."

*

Pikipiki yake, Honda XL, ilimfikisha Bunda saa sita mchana. Maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa tena mwaka ule: sabuni za miche zimepangwa dirishani kama matofali, vitenge, betri, biskuti. Watu walisimama kuzitazama, hawajaamini. Magige naye hakuamini. Alimtazama kila aliyemtazama mara mbili.

Kwa Leodgar hakupotea. Nyumba ya mwisho, ukuta mweupe. Mkeka ulikuwa umetandikwa barazani. Leodgar mwenyewe alikuwa amekaa juu yake, kipara, mnene, macho mekundu.

"Pole na msiba, kaka," Magige alisema. "Nimetumwa na watu wa Duara. Naitwa Yunusu, natengeneza betri."

"Asante, ndugu yangu. Karibu. Kazi ya Mungu."

Walishikana mikono. Magige aliushika ule mkono kidogo zaidi ya ilivyo desturi.

Kwenye kucha kulikuwa na pamba. Haikuwa pamba kavu ya mnunuzi. Ilikuwa imelowa mafuta, nyeusi.

"Mama tumemzika wapi?"

"Butiama, kwa wajomba zake. Kule juu, karibu na Mwitongo."

"Lakini mlilia hapa."

"Tulilia hapa siku nne. Watu walijaa uwanja huu mpaka barabarani."

Magige aliutazama uwanja. Ulikuwa umefagiwa vizuri. Udongo mwekundu, kuku wawili, mti wa mpera. Akazunguka kwa macho, kona hadi kona, taratibu, kama mtu anayetafuta sarafu.

Watu wa huku hawalali ndani penye msiba. Wanaume wanawasha moto uwanjani na kuuzunguka mpaka kuche, siku zote za kilio. Moto huo haumwagiwi maji, wala majivu yake hayazolewi ovyo. Hata ukifagia, ardhi hubaki imeungua, duara jeusi, mpaka misimu miwili ya mvua ipite.

Uwanja wa Leodgar haukuwa na kovu.

"Hii sukari," Magige alisema, akiitua mkekani. "Kidogo tu."

"Mungu akuzidishie."

Alipotoka, mama mmoja alikuwa akianika mihogo nyumba ya jirani. Aliitwa Mbuke, alijitambulisha mwenyewe kabla hajaulizwa.

"Umeleta sukari kwa yule? Ya nini?"

"Msiba, mama."

Mbuke alicheka, akaficha meno kwa khanga.

"Msiba gani? Yule alipangaga hapo mwezi uliopita. Mkeka anautoa akisikia pikipiki. Kama kuna msiba, mbona mimi sijapika?"

*

Butiama, Jumanne, kabla ya saa moja. Magige alikuwa amekwisha kuwaamsha wazee wawili wenye heshima zao na kuwauliza makaburi mapya. Mwezi ule walikuwa wamezika mtu mmoja, mzee wa kiume, wa kwao.

Alipanda mwamba wenye mwinuko, akafungua mfuko. Ndani kulikuwa na redio ndogo ya National ambayo fundi wa ofisi alikuwa ameifumua na kuifuma upya. Kazi yake ilikuwa moja. Ukiigeuza taratibu, sauti ya anayesema hufifia. Pale inapofia kabisa, redio inamnyooshea kidole.

Saa moja na dakika nane.

"Mama wa Duara, Ningu hapa. Habari za mtumbwi? Ovaa."

Magige akaigeuza. Sauti ikafa. Akachora mstari kwenye ramani.

Jumatano alifanya vilevile kutoka kilima cha Bunda. Mstari wa pili ukaukata wa kwanza.

Haikuwa Nyasura. Mistari ilikutana ng'ambo ya mashamba ya Guta, ukingoni mwa ziwa, mahali palipoandikwa matete tu.

Na asubuhi hiyohiyo Mama Wankyo, kwa sauti yake ya posta isiyo na woga wala furaha, alilitangazia Duara maneno aliyoandikiwa na Magige:

"Mtumbwi wa dawa unaondoka mwalo wa Guta, kesho saa tatu asubuhi. Ovaa."

"Mungu akubariki, mama," alisema Ningu.

Kisha mtu akabonyeza kitufe mara mbili bila kusema neno. Tik, tik. Ilikuwa ishara waliyopatana na Sista Hyasinta kwa barua iliyopelekwa kwa mkono. Ameelewa. Dawa zenyewe zingepita saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya saa iliyotangazwa.

*

Saa saba mchana siku hiyo jua liliyapiga matete ya Guta mpaka yakanuka.

Mtumbwi ulikuwa umelazwa ubavu mchangani. Mrefu, mwembamba, umetengenezwa kwa kukimbia. Kando yake injini mbili za Yamaha, nguvu farasi arobaini kila moja. Fundi na wenzake walikuwa wamekwenda kula. Aliyebaki alikuwa mlinzi mmoja, SMG mapajani, kandambili miguuni, amegeukia barabara. Barabara ndiko polisi hutokea.

Magige alitokea majini.

Alitambaa kati ya matete hadi upande wa chini wa mtumbwi. Kwenye mfuko wa suruali alikuwa na vitu viwili: kulabu ya marehemu baba yake na mche wa sabuni alioununua Bunda.

Pamba ilikuwa mbichi bado. Akaingiza kulabu, akavuta. Ikatoka kama utumbo wa dagaa, ndefu, inanuka mafuta. Urefu wa mkono upande huu. Urefu wa mkono upande ule.

Mlinzi alikohoa.

Magige alikauka. Inzi akamtua shavuni, akatembea hadi mdomoni. Hakumfukuza.

Mlinzi akatema mate, akaanza kuimba kwaya kwa sauti ya pua.

Magige akakanda sabuni na udongo mpaka ikafanana na kalafati, akaishindilia kwenye nafasi kwa kidole gumba. Kila mvuvi wa ziwa hili anaijua hila hiyo: tundu likitokea, sabuni itakufikisha pwani. Lakini hakuna mvuvi anayesafiri nayo mbali. Sabuni ni sabuni. Ikikutana na maji, inakumbuka kazi yake.

Akarudi majini kama alivyokuja.

*

Alhamisi, saa tatu na robo.

Silasi, mwendesha mtumbwi wa dawa, alikuwa mtu mfupi wa mikono mirefu. Mara ya kwanza walimpiga kitako cha bunduki. Jino lilikuwa limebaki ziwani. Leo alikuwa amebeba katoni ishirini za mchanga. Chini ya turubai walilala polisi watatu na Magige.

"Wanakuja," Silasi alisema bila kugeuza shingo. "Tena kwa kasi."

"Wako mbali kiasi gani?"

"Naona bunduki. Sioni sura."

"Wakionekana sura, niambie."

Mlio wa zile Yamaha mbili ulikua. Magige alihesabu kimya.

"Kaka," Silasi alisema. "Kama hiyo sabuni yako ni nzuri sana?"

"Ni ya mche. Si nzuri."

"Mimi nina watoto saba."

"Nimesikia. Endesha."

Risasi moja ikapita juu, ikichana hewa. Ya pili ikavunja katoni. Mchanga ukamwagikia turubai, ukamwingia Magige shingoni. Silasi akainama lakini usukani hakuuachia.

"Naona sura," alisema. "Naona meno."

Kisha mlio ukabadilika.

Injini moja ilikohoa. Nyingine ikapiga yowe, kama ng'ombe aliyekwama. Mtumbwi wa mbio ulikuwa umepanua mbao kwa kishindo cha mawimbi, na povu jeupe likafumka kutoka pande zote mbili za tumbo lake. Povu zuri. Povu la kufulia.

"Yesu wangu," Silasi alinong'ona. "Unajifua."

Injini nzito zikaushika mkia na kuuvuta chini. Pua ikatazama mbingu. Watu watano walimwagika majini; SMG zikatangulia kwenda kuwasalimu kamongo wa chini. Ilichukua muda wa kusoma Baba Yetu, mara moja, kwa haraka.

Turubai likafunuliwa. Polisi watatu wakasimama na bunduki zao.

Leodgar alikuwa amekumbatia galoni tupu la petroli. Kipara chake kiling'aa kwa sabuni. Aliinua macho, akamwona fundi betri Yunusu akiwa amekaa ukingoni mwa mtumbwi, Browning imelala gotini.

"Wewe," alisema, akitema maji. "Wewe ni nani?"

"Pole na msiba, kaka," Magige alisema.

Akamnyooshea kasia.

*

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, Musoma.

Sista Hyasinta alikuwa amemaliza kusema. Dripu zimefika zote. Hakuna aliyekufa tangu juzi. Sauti yake haikuwa kavu tena. Ilikuwa ya mtu aliyelala saa tatu nzima.

Mama Wankyo alikaa na daftari limefunguliwa. Kwenye ukurasa wa Ningu alikuwa amepiga mstari, akapiga tena, mpaka karatasi ikachanika.

"Wale wanne niliwaua mimi," alisema.

"Waliuawa na Leodgar, mama."

"Mlango niliufungua mimi. Kuanzia leo nafunga. Aje na maiti begani, atanitajia babu wa nne kwanza. Wadhamini wawili. Mwezi mmoja kimya. Msiba au si msiba."

Magige alikuwa amekwisha simama, ufunguo wa pikipiki kidoleni. Ofisi ilikuwa inamngoja. Kulikuwa na watu ng'ambo ya mpaka ambao bado hawakujua kwamba mali yao haiji. Lakini hakutoka. Alivuta stuli, akakaa tena, akamshika yule mama mkono.

"Ukifunga, Leodgar atakuwa ametuibia zaidi ya dripu," alisema. "Mfiwa haulizwi, mama. Usibadilishe. Akija anayelia, mfungulie palepale, mpe masafa awaite ndugu zake."

"Na akiwa mwongo?"

"Nipigie simu. Popote nilipo, nitakuja na kilo yangu ya sukari, niende mpaka uwanjani kwake kutafuta majivu."

"Na ukiyakuta?"

"Nikiyakuta, nitakaa naye motoni mpaka kuche. Nakuahidi, mama. Kila msiba utakaoingia kwa mlango huu, nitakwenda kuulilia mwenyewe."