Ngozi ya Mzee

Mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwao, na wa kwanza kulalamika. Hakuwa mzee wa kweli. Alikuwa mtoto mchanga ambaye hajaweza hata kukaa bila kuegemezwa kwa mito. Walimwita Mzee kwa sababu alizaliwa na uso uliokunjamana, kama mtu anayesubiri kuombwa radhi.

Asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingine, dada yake ndiye aliyemchukua kitandani. Dada huyu alikuwa darasa la sita, na kwa kuwa alikuwa mfupi kuliko wenzake wote, watu walimwita Nukta. Alibandika maji ya chai huku Mzee akiwa mgongoni, akijisugua shavu kwenye gauni la dada yake, huku na huku, kama anayefuta ubao.

"Alilala?" mama aliuliza, akifunga kitambaa kichwani. Alikuwa mshonaji katika karakana ya sare, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Wapi, Mama! Amejikuna mpaka kumekucha."

"Basi na sisi tumejikuna naye," baba alijibu kutoka nyuma ya pazia. Alikuwa dobi, mtu wa utani mwingi. Siku nyingine wangecheka, lakini siku hiyo kila mmoja aliinamia chai yake.

Mashavu ya Mzee yalikuwa na mabaka makavu yanayokwaruza kama msasa. Kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi ilikuwa nyekundu, na akijikuna sana ilitoa majimaji. Awali alikuwa akishinda kwa mwanamke mmoja wa mtaa wa nyuma aliyelea watoto wa watu sebuleni kwake. Kila mtu alimwita Shangazi wa Wote. Mabaka yalipoanza, Shangazi alimrudisha mlangoni.

"Mama Nukta, usinielewe vibaya," alisema huku akitazama chini. "Wazazi wenzio wananijia juu. Wanasema ni upele wa kuambukiza. Akipona, mlete."

Kwa hiyo Nukta akawa ndiye mlezi. Mama angekosa kazini, angepoteza kazi, na baba vilevile. Begi la shule lilining'inia kwenye msumari, na kila alipolitazama Nukta aliwaza wenzake wamefika wapi katika hesabu za asilimia. Alimpenda mdogo wake, lakini alikuwa amechoka naye. Alichoka kumbeba, alichoka kumshika mikono asijikune, alichoka hata kumwimbia.

Mchana huo wazo lilimjia. Ikiwa magamba yale yangetoka yote, si ngozi nzuri ingebaki? Alichemsha maji, akayapoza kidogo tu, akachukua dodoki na sabuni ya kufulia. Alimsugua Mzee mashavu na viwiko kwa nguvu, huku akimwambia, "Vumilia, Mzee wangu, leo tunamaliza kazi."

Mzee alilia mpaka sauti ikakauka. Nukta alipomfuta, aliona vidoa vya damu kwenye taulo. Aliketi sakafuni akamkumbatia, akalia naye.

Mama aliporudi aliona mashavu yale yamewiva. Alimtazama Nukta, Nukta akainamisha kichwa. Mama hakuwa na nguvu ya kuuliza wala kugomba. Alisema tu, "Kesho naomba ruhusa. Tunakwenda zahanati, sote."

Zahanati ilijaa watu. Walipoingia chumbani, muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani, alimvua Mzee nguo taratibu. Alimgeuza, akatazama nyuma ya magoti, akagusa shavu kwa mgongo wa kidole.

"Hii ni pumu ya ngozi," alisema. "Haiambukizi. Ngozi yake haishiki unyevu kama za wengine, kwa hiyo inakauka, inawasha, na kitu kidogo tu kinaichokoza. Sasa niambieni ukweli. Mnampaka nini?"

Mzee peke yake ndiye aliyejibu, kwa kuguna.

"Mimi…" Nukta alianza. "Mimi nilimsugua jana. Kwa dodoki na maji ya moto. Nilidhani magamba yakitoka atapona, nirudi shule."

Alingoja kugombezwa, lakini aliyesema baada yake alikuwa mama. "Nami nampaka dawa fulani niliyouziwa sokoni. Inanukia vizuri. Haina jina juu ya kopo."

Baba alimgeukia mkewe kwa mshangao, halafu akakohoa. "Na mimi nguo zake nafulia kazini. Namwekea ile sabuni ya wateja wakubwa, na maji ya kulainisha yenye manukato. Nilitaka mwanangu naye anukie kama mtoto wa tajiri."

Muuguzi aliivua miwani. "Kumbe! Huyu mtoto ana watu watatu wanaompenda, na kila mmoja anampenda kivyake bila kumwambia mwenzake. Pole, bwana mdogo." Kisha akaushika mkono wa baba uliokuwa umepasukapasuka. "Na wewe je? Ulikuwa na muwasho utotoni?"

"Mpaka leo," baba alisema. "Nilidhani ni kazi."

"Kazi inaongeza. Lakini mara nyingi hutokea katika familia moja. Naye huyo amerithi kwako, kama alivyorithi hayo masikio."

Hapo baba akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Muuguzi aliwaeleza bila haraka. Kopo la sokoni litupwe. Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu, na asikae humo muda mrefu. Sabuni iwe laini, isiyo na manukato. Akitoka majini afutwe kwa kugusagusa tu, bila kusuguliwa, na apakwe mafuta ya mgando yasiyo na harufu wakati ngozi bado ina unyevu. Kucha zikatwe, na nguo ziwe za pamba, zisuuzwe vizuri. Aliwapa pia krimu ya kupaka kidogo kwenye sehemu nyekundu tu, kwa siku alizowaelekeza. "Akipata homa, au mabaka yakitoa usaha, mlete upesi. Na msitegemee muujiza. Itaondoka, itarudi. Msikate tamaa."

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Baba alijifunza kufua nguo za mtoto nyumbani, katika beseni lake peke yake. Mama alirudi kutoka karakana vidole vikiuma, akampaka Mzee mafuta kabla hajavua viatu. Nukta alipima maji kwa kiwiko, akamwogesha kwa upole kama anayeosha yai. Mabaka yakaanza kufifia. Halafu jioni moja wote wakachoka, mafuta yakasahaulika, na kesho yake pia. Wekundu ukarudi.

Mama aliketi kizingitini, kopo la mafuta mapajani. "Nimechoka, Baba Nukta. Kazi hii haina mwisho."

Baba alilichukua lile kopo. "Pumzika. Leo zamu yangu." Akampaka Mzee, kisha akapaka mikono yake mwenyewe, na Mzee akaishika pua ya baba yake akaivuta.

Baada ya hapo walipokezana, na ngozi ikatulia. Ilibaki kavu kidogo viwikoni, lakini Mzee alilala, nao wakalala. Ndipo mama na Nukta wakampeleka tena kwa Shangazi wa Wote.

Shangazi alisimama mlangoni. "Naona bado kuna alama," alisema. "Mimi sina neno na mtoto. Wazazi wa wengine ndio wataniuliza."

Nukta akasogea mbele, akakunja mikono ya shati lake la shule mpaka mabegani.

"Shangazi, tazama. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumpaka mafuta. Nimembeba mgongoni wakati wote huo, nikalala naye kitanda kimoja. Kama inaambukiza, iko wapi?"

Shangazi aliishika mikono ile, akaigeuza polepole kwenye mwanga. Kisha akafungua mlango wote. "Mlete ndani. Wakiniuliza, nitawaambia. Na hayo mafuta yake acheni hapa, nimpake mchana."

Mama alimsindikiza Nukta hadi njia ya shule. Walitembea taratibu, wote wawili wakiwa bado na uchovu mwilini.

"Mama, umenikasirikia kwa lile dodoki?"

"Ulikosea, mwanangu, nami nilikosea. Sote tulitaka apone kwa siku moja ili tupumzike," mama alisema. "Lakini mbele ya muuguzi wewe ndiye uliyesema kweli kwanza. Usingesema, mimi ningenyamaza, na ningekuwa naendelea kumpaka sumu yangu mpaka leo. Mgonjwa hatibiwi kwa kufichana. Unasema ulichofanya, unauliza wanaojua, halafu unafanya kile kidogo ulichoambiwa, kila siku, hata ukiwa umechoka."

Alimfunga vizuri kifungo cha kola, akamsukuma kidogo mgongoni.

"Haya, nenda. Na usisinzie darasani."