Jina la Simel

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Anyesi alikuwa na kazi tatu. Alikata majani ya ng'ombe pembezoni mwa migomba, akachemsha maji, kisha akaosha mguu wa kulia wa babu yake, Mzee Kaanaeli. Mguu huo ulikuwa na vidole vitatu tu. Viwili vililiwa na funza wakati wa vita vile vya kwanza vya Waingereza na Wajerumani, miaka arobaini iliyopita. Baridi ya Nkoaranga ilipozidi, Babu alisikia maumivu palepale vilipokuwa.

"Taratibu, mama," Babu alisema wakati Anyesi akimpaka samli. "Hicho kidogo kina hasira leo."

"Babu, hicho hakipo!"

"Ndiyo maana kina hasira."

Walicheka wote wawili. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, na Anyesi alihamia nyumbani kwa Babu akiwa na miaka saba ili mzee asikae peke yake. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la nne. Katika miaka hiyo mitano alisikia mambo ambayo Babu hakuwasimulia hata wanawe. Watu wazima walijua kwamba mzee alikwenda vitani. Anyesi alijua kwamba hakushika bunduki hata siku moja. Alikuwa mpagazi, akibeba sanduku la risasi kichwani kuelekea kusini, mbali kupita Rufiji.

Alijua pia habari za Simel. Huyo alikuwa kijana wa Kiarusha kutoka Ilkiding'a, upande wa pili wa mlima. Vidole vya Babu vilipoanza kuoza na akashindwa kutembea, Simel alibeba masanduku mawili kwa siku mbili ili rafiki yake asiachwe porini. Baadaye Simel mwenyewe akashikwa na kuhara damu. Babu alimbeba mgongoni kutwa nzima, na jioni Simel akafa. Babu alimchimbia kaburi kwa sahani ya bati, akapanga mawe juu yake.

"Mkubwa wa wapagazi aliandika namba yake tu," Babu alisema. "Jina hakuandika. Kwa hiyo sikiliza, mama. Siku watakaponisoma, na Simel asomwe. Nimemwahidi dada yake. Wanangu wana mengi vichwani, lakini wewe hutasahau."

Anyesi alielewa maana ya kusomwa. Hapo kwao mtu hazikwi kabla watu hawajasikia historia yake: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alioa nani, alizaa wangapi, alifanya nini. Husomwa mbele ya jeneza, uani, watu wote wakiwa kimya. Anyesi aliahidi. Na moyoni alijiona tayari amesimama mbele ya watu na karatasi mkononi, maana ni nani mwingine aliyemjua Babu kama yeye?

Babu alifariki Jumatatu moja ya mwezi wa Julai, alfajiri, usingizini. Mchana lori la kahawa lilipeleka habari mjini Arusha, na kabla ya jua kuzama Baba mkubwa Bariki akafika na watu wake. Bariki alikuwa mwana wa kwanza wa Babu, fundi seremala huko Ngarenaro. Binti yake Eunike, mwenye miaka kumi na minne, alisoma shule ya kati ya bweni. Alishuka garini akiwa na viatu vyeusi, soksi nyeupe, na kalamu ya wino iliyochomekwa mfukoni.

Usiku huo ukoo ulipogawana kazi, Baba mkubwa alisema, "Historia ya mzee ataiandika Eunike, na ataisoma yeye. Ana mwandiko mzuri, na sauti yake haitetemeki."

Watu wazima waliitikia kwa vichwa, kisha wakaendelea na habari za kuni na maji. Hakuna aliyemtazama Anyesi. Alikuwa ameinama akimenya ndizi, na kisu kikapita kwenye ganda kikamkata kidole gumba. Alikinyonya, akachukua ndizi nyingine.

Eunike! Eunike aliyekuja wakati wa Krismasi na Pasaka tu, akala, akaondoka. Eunike ambaye hakuwahi kuushika ule mguu. Kila alipomwangalia alipata jambo jipya la kumchukia: viatu, kalamu, hata namna alivyosema "samahani" akipita. Wanawake jikoni walikuwa wakimsifu. "Mtoto wa Bariki ametulia! Utadhani mwalimu." Anyesi alizidi kumenya, na kila sifa ilimwingia kama moshi machoni.

Asubuhi ya Jumanne Eunike alimfuata zizini na daftari lake.

"Anyesi, nisaidie, mdogo wangu. Shangazi Penina amenipa mengi. Nimeandika kwamba Babu alikuwa akimpikia Bibi mtori wa ndizi kila alipojifungua, na wanaume wenzake walikuwa wakimcheka. Nimeandika miche yake ya kwanza ya kahawa, na watoto wote wanane, pamoja na wale wawili waliofariki. Ila vitani sina kitu. Wewe uliishi naye. Alikuambia nini?"

Anyesi aliendelea kuzoa samadi. Jina la Simel lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini aliitazama ile kalamu, akawaza: Kila kitu mmempa yeye. Hili ni langu, nalo analitaka pia?

"Hakuniambia neno," alisema.

"Hata kidogo?"

"Ningekuwa nimesoma shule ya kati labda angeniambia."

Eunike alirudisha kalamu mfukoni. Kisha akafunga daftari. "Basi nitaandika tu kwamba alipigana kwa ushujaa. Baba anasema watu watapenda hivyo."

Alipoondoka, Anyesi alisikia raha. Ilikuwa raha ya ajabu, ya kukaa na kitu ambacho mwenzako hana. Haikudumu hata saa moja, lakini alijitahidi kuishikilia. Alijiambia kwamba Babu mwenyewe asingependa habari zake zisomwe na mtu wa soksi nyeupe.

Watu walianza kujaa uani. Saa saba mchana jeneza alilolichonga Baba mkubwa lilitolewa nje, na kwaya ikaanza kuimba. Wakati huo mama mmoja wa Kiarusha akaingia langoni, shuka begani, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa peke yake. Shangazi Penina alimpokea, akamkalisha kwenye kigoda, akamtuma Anyesi maji.

"Shikamoo, mama," Anyesi alisema akiinamisha kichwa. Mgeni alimwekea kiganja kichwani, kama Waarusha wanavyosalimia watoto, akanywa kata nzima ya maji bila kupumzika.

"Wewe ndiye nani?"

"Anyesi."

Mama yule alimtazama vizuri. "Ndiye wewe! Mimi Resiato, wa Ilkiding'a. Jana jioni nilisikia habari sokoni, nikatoka kabla jogoo hajawika. Kaanaeli alikuja kwangu mwezi wa tano. Akaniambia, 'Resiato, nimechoka, lakini usiogope. Neno la kaka yako nimeliweka kwa Anyesi.'" Akarudisha kata. "Mama yangu alikufa akingoja kusikia mwanawe akitajwa mbele ya watu. Hatukuwa na maiti, hatukuwa na kaburi. Leo nimekuja kumsikiliza badala yake. Nitakaa hapa karibu. Sikio langu moja si zuri."

Akasogeza kigoda mbele.

Anyesi alisimama na ile kata tupu. Kwaya ilikuwa inamaliza ubeti. Mwinjilisti alikuwa amefungua kitabu chake, na nyuma yake Eunike alikuwa akikunjua karatasi. Karatasi nzuri, mistari imenyooka, na Simel hayumo. Ikisomwa hivyo, yule mama atatega sikio lake zima hadi mwisho, kisha atasimama aende zake, na hakutakuwa na siku nyingine tena.

Alitupa kata chini akakimbia, akipenya katikati ya watu hadi kwa Baba mkubwa, akamvuta koti.

"Baba mkubwa, simamisheni kidogo! Historia haijatimia."

"Anyesi, una kichaa? Watu wote hawa! Karatasi imekwisha kuandikwa."

"Nilisema uongo." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, na watu wa mbele waligeuka. "Dada Eunike aliniuliza habari za vita, nikasema sijui. Najua. Babu aliniagiza. Nilimwonea wivu, ndiyo maana sikusema."

Baba mkubwa alifumba macho. Ilionekana kama angempiga kofi palepale. Lakini alimwona Anyesi akimtupia jicho Resiato kwenye kigoda, akauliza polepole, "Yule mama anahusika?"

"Ndiyo."

Alimwendea mwinjilisti, akamnong'oneza, na kwaya ikaombwa wimbo mwingine mrefu. Kisha akawasukuma wasichana wote wawili nyuma ya nyumba. "Haraka. Wewe sema, wewe andika."

Anyesi alisema. Eunike aliandika akiwa amepiga magoti, karatasi juu ya paja, akafuta lile neno la ushujaa na kuandika juu yake "mpagazi". Walipofika kwenye sahani ya bati aliacha kuandika akafuta machozi, wino ukampaka shavuni.

"Unajua," alisema, "kila barua iliyotoka huku ilikuwa Babu na Anyesi, Babu na Anyesi. Mimi nilikuwa nalia bwenini. Nilijua angependa usome wewe."

"Ungesema basi!"

"Ungenikubali? Ulinitazama kama nimeiba ng'ombe wako."

Wimbo ulikuwa unaisha.

Eunike alisoma. Alisoma kuzaliwa na ubatizo, ndoa na watoto, mtori na kahawa, na watu wakacheka kidogo pale pa mtori. Alipofika vitani alipaza sauti. Anyesi, akiwa katikati ya umati, alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mwenzake, na wivu ukamchoma tena. Lakini sauti ile ilikuwa safi. Ilifika hadi kwa waliosimama barabarani.

"…na rafiki yake Simel wa Ilkiding'a, aliyebeba mizigo miwili ili babu yetu aishi, alizikwa na babu yetu kwa mikono yake. Bila Simel, sisi sote tulio hapa tusingezaliwa."

Resiato alisimama. "Rudia hapo, mwanangu," alisema. "Rudia jina."

Mwinjilisti aliinamisha kichwa kukubali, na Eunike akarudia. Na kaburini, watu walipopita kutupa udongo, Resiato alitupa konzi mbili, akafuta viganja, akaenda kukaa na wanawake.

Jioni Anyesi aliosha masufuria na Shangazi Penina kando ya mfereji. Alingoja kugombezwa, hakugombezwa. Mwishowe akasema mwenyewe, "Shangazi, bado naona wivu kidogo."

"Najua," Shangazi alisema, akisugua kwa majivu. "Hata mimi nimewahi kumwonea wivu baba yako, na nilikuwa mtu mzima. Wivu ukija, huwezi kuuzuia mlangoni. Lakini kuna uongo ulioutumia kuulisha, na huo ulikuwa wako. Ulidhani unamnyima Eunike. Umeona ni nani aliyekuwa karibu kukosa?"

"Mama Resiato."

"Na Babu yako, aliyekuamini. Ulichokabidhiwa hukupewa ukifanye chako, Anyesi. Unakaa nacho tu hadi mwenyewe afike. Ulichelewa, lakini ulikimbia mbele ya watu wote na kusema ukweli, na hilo si jepesi. Siku nyingine sema mapema, usisubiri mgeni aje na vumbi miguuni." Akamsogezea sufuria kubwa zaidi. "Sasa mwite Eunike. Hizi ni nyingi, na yeye pia ana mikono."

Anyesi alisimama, akapaza sauti kuelekea nyumbani: "Dada Eunike! Vua hizo soksi uje huku!"