Kovu la Ngamia wa Madino

Kila asubuhi Madino aliwauzia majirani zake wa mtaa wa Iftin maziwa ya ngamia wake mmoja. Ngamia huyo ndiye aliyelisha nyumba yake, naye Madino alimsifu hadi watu wakachoka kusikia. Kisha ngamia huyo akapotea malishoni nje ya mji. Madino alimtafuta mpaka miguu ikavimba.

Jumatano moja akamwona katika soko la mifugo la Garissa, amefungwa kamba. Mfanyabiashara Abdiwali alisema amemnunua kihalali huko Sangailu. Baada ya swala ya adhuhuri angempakia kwenye lori.

Jelle, mzee wa kamati ya soko, aliwasikiliza wote wawili. Alama ya moto shingoni ilikuwa ya ukoo, na ngamia wengi wanayo. Madino akataja kovu la fisi kwenye paja.

"Kovu hata mimi naliona, mama," Jelle akasema. "Lete ushahidi wa zamani."

Madino alikuwa na picha ya mwaka jana. Lakini kwenye simu yake kovu lilikuwa ukungu mtupu, na kila alipoikuza kwa vidole, picha ilizidi kuvurugika. Simu ya zamani iliyoipiga picha hiyo ilikuwa nyumbani, kioo kimepasuka. Akaifuata, akakimbia nayo kwa Idil, jirani yake anayetengeneza kompyuta.

"Hii simu imekufa na picha zake zote," akasema, akihema.

"Eeddo, shangazi yangu, kilichokufa ni skrini," Idil akamjibu. "Kazi ya skrini ni kuonyesha tu. Picha zinakaa ndani, kwenye kadi ya kumbukumbu."

Akafungua simu, akatoa kadi ndogo kama ukucha. Madino akauliza kwa nini basi picha ya simu mpya haionekani vizuri. Idil akamweleza kwamba picha ya kidijitali ni nukta za rangi, nyingi mno, zimepangwa kama shanga. Nukta moja huitwa pikseli. Picha ya simu mpya ilikuwa imetumwa kutoka kundi moja la ujumbe wa simu hadi jingine, na njiani ikapunguzwa nukta ili isafiri upesi. Nukta zikishapotea, kuikuza picha hakuzirudishi.

Idil akaitia kadi kwenye kisoma kadi, kifaa kidogo kinachounganishwa na kompyuta. Picha ya asili ikafunguka, nukta zake zote zimo. Akaikuza. Kovu likaonekana, hata alama tatu za uzi wa daktari wa mifugo aliyelishona. Kompyuta ikaonyesha na tarehe ya picha. Printa ikaitoa kwenye karatasi.

Madino alifika sokoni mlango wa lori umeshafunguliwa. Jelle akatazama karatasi, kisha paja, akahesabu alama. Akampa Abdiwali naye aone.

"Aliyeniuzia amenidanganya," Abdiwali akasema taratibu. Akafungua kamba kwa mkono wake, akamkabidhi Madino ngamia wake. Jelle akamwahidi Abdiwali kwamba kamati itamtafuta muuzaji.

Madino aliketi mavumbini akalia kwa furaha, bila haya.

Siku hizi kila ndama wa ngamia huyo hupigwa picha karibu, juani, pande zote. Idil huzinakili picha hizo kwenye flashi, kifaa cha kuhifadhia picha nje ya simu, na Madino huifungia sandukuni.

Lakini asubuhi iliyofuata siku ile ya sokoni, alimpelekea Idil maziwa ya kwanza, yangali na povu. Idil akasema ni mengi mno.

"Kunywa, mwanangu," Madino akamwambia. "Jana nilikuwa mtu asiye na kitu. Allah akulipe, maana mimi siwezi."