Kiti Chenye Joto

Tulikwenda kuangalia trekta tu. Mume wangu ni seremala, na mwaka ule tulikuwa tumepata shamba lenye msitu mdogo nyuma yake. Miti imesongamana, vijia vimezibwa na magugu, magogo yameanguka yanaoza. Mgongo wake ulishaanza kumsumbua, akataka trekta dogo la kukata nyasi, kuvuta magogo na kusawazisha njia. Aliandika vipimo kwenye karatasi, akatembea nayo wiki nzima kama mtu anayesubiri jibu la posa.

Yadi ilikuwa nje ya mji. Tulifika jua likiwa limebaki ukanda mwembamba juu ya ukuta wa mabati. Mwenye yadi alikuwa mzee mrefu, amevaa glavu za mpira zinazofika hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mna miti?"

Hivyo tu. Hata jina hakuuliza.

"Tunayo, tena mingi," mume wangu akacheka.

Trekta la kwanza lilikuwa na nguvu za kutosha, lakini mume wangu alilipima upana kwa mikono, akatikisa kichwa. "Hili litakwama kwenye miti miwili ya mwanzo." La pili lingepita, ila halikuwa na lile bomba la chuma nyuma ya kiti, la kumkinga dereva trekta likipinduka. "Kwenye mteremko wetu? Mke wangu, hili litakuacha mjane."

Mzee akazivuta glavu zake juu ya viwiko, kama anajishauri. Kisha, kwa sauti ya chini...

"Liko jingine."

Lilikuwa nyuma kabisa, chini ya turubai. Akalifunua.

Zuri! Siwezi kudanganya. Dogo, jekundu, tairi zina meno mazito, bomba la kinga lipo, winchi ya kuvutia magogo ipo. Mume wangu akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni.

Ndipo harufu ikanifikia.

Hapa lazima niseme kazi yangu. Mimi ni muuguzi wa vidonda. Nimebandua bandeji kwa miaka kumi na tisa, na nikitoka hapo naosha mikono nakula vizuri tu. Kwa hiyo nikisema kitu kimenitia kinyaa, usidhani ni madeko. Harufu ya mzoga naijua. Hii haikuwa ya mzoga. Ilikuwa na utamu fulani mzito, unaokaa kooni, unaokataa kumezwa. Ni harufu ya nyama inayooza huku mwenyewe bado anapumua.

"Unasikia hiyo harufu?" nikamnong'oneza mume wangu.

"Harufu gani?" Alikuwa ameshapanda, ameshakaa. "Mh! Kiti kina joto."

Trekta lilikuwa chini ya turubai. Jua lingelipigia wapi?

Nikaenda mbele. Wiki nzima mume wangu alikuwa akinihubiria kwamba trekta la msituni huzibwa na majani kwenye wavu wa rejeta, pale injini inapopozwa, na kwamba mnunuzi mjanja huangalia hapo kwanza. Nikainua boneti, nikauchomoa wavu. Nilitegemea majani makavu.

Zilikuwa nywele. Bonge la nywele, limelowa, limegandamana kwa ute wa njano. Na ndani ya lile bonge, kucha. Kucha nzima nzima za vidole, zimejipanga kama magamba ya samaki. Likachuruzika, likaangukia kiatu changu. Pwa!

Nikakikung'uta kiatu.

Kisha nikasikia. Tone... tone... tone... Chini ya kiti. Nikadhani oili. Nikakinga kidole. Usaha, una nyuzi za damu. Wa moto.

"Shuka," nikasema.

"Ngoja kwanza nijaribu gia."

"Baba watoto, shuka!"

Akajaribu kushuka. Akatazama mapajani mwake, kisha akanitazama mimi. Uso ulikuwa umempauka.

"Sitoki."

Nikamshika mkono ili nimvute. Mzee akaruka kunizuia. "Usimvute," akanong'ona. "Atachunika."

Nikainama nitazame vizuri. Natamani nisingeinama. Kile kiti cheusi kilikuwa na vinyweleo. Kilikuwa kikipanda na kushuka, taratibu, kama ubavu wa mtu aliyelala. Na pembeni, pale kilipogusa suruali ya mume wangu, ilikuwa imeota nyama changa, nyekundu, yenye majimaji. Nyama ile naifahamu. Kila siku naiombea iote kwa wagonjwa wangu.

Kile kitu kilikuwa kinapona.

Kinapona kwa kumtumia mume wangu.

"Maji ya uvuguvugu na chumvi!" nikamwambia mzee. Nilipogeuka, tayari alikuwa ameshika ndoo. Chumvi imo. Vitambaa safi vimekunjwa begani. Alikuwa ameviandaa kabla hatujafika.

Sikuwa na nafasi ya kumtukana. Nikafanya kama ninavyofanya kwa bandeji iliyogandia kidonda: unalowesha, unasubiri, unabandua kidogo. Unalowesha tena. "Pole," nikawa nasema, "pole, tunamaliza sasa hivi." Kufikia katikati sikujua tena nampa pole nani, maana nyama ile ilikuwa ikitetemeka chini ya vidole vyangu, ikijikunyata kwa maumivu. Makapi yake yaliingia chini ya kucha zangu. Utelezi wake ulifika hadi kwenye viganja. Nikaendelea.

Injini ilikuwa imezimwa. Ufunguo haukuwepo. Lakini kutoka ndani ya lile bati ikatoka sauti.

"Baba..."

Mume wangu alikuwa ameuma meno, midomo imefungwa.

Mzee akaweka kiganja kwenye boneti. "Niko hapa, mwanangu. Mwachie huyu. Tafadhali."

Kiti kikalegea. Mume wangu akaporomoka mikononi mwangu, nyuma ya suruali imebaki kitini pamoja na vipande viwili vya ngozi yake. Na kile kiti, taratibu, kikaanza kuvinyonya.

Nikatapika hadi nikabaki na nyongo.

Nilimlaza mume wangu kifudifudi kwenye kiti cha nyuma cha gari, nikarudi kwa mzee nimeshika spana. Hakukimbia. Alikuwa amekaa chini, anavua glavu. Mikono yake ilikuwa na makovu ya kubanduliwa, safu juu ya safu.

"Lilimpindukia mwanangu msituni," akasema bila kuniangalia. "Likambana siku tatu, mvua inanyesha. Tulipomkuta alikuwa ameoza nusu, na bado anaongea. Mama yake akakimbilia kwa mganga. Akaomba mtoto asife."

"Halafu?"

"Hakufa. Tulizika kilichokubali kutoka kitini." Akafuta pua kwa mkono. "Kila nikikwangua, kinaota. Mama yake ametangulia. Mimi msitu wangu niliuuza. Na yeye kila jioni ananililia, anataka kurudi kazini."

Spana ikanidondoka. Nikaondoka.

Trekta tulinunua kwingine, jipya, bado lina harufu ya rangi. Mume wangu hajalipanda. Vidonda vyake navisafisha mwenyewe kila asubuhi, navifunga mwenyewe, na hakuna mkono mwingine unaogusa bandeji zile. Havina usaha. Vinafunga vizuri ajabu, haraka kuliko inavyotakiwa.

Ila kila nikifungua, kuna kitu ndani. Mwanzo ilikuwa mbegu. Halafu vipande vya gome. Leo nimevuta kwa kibano, kikaja polepole, kirefu, kimelowa: jani zima, bichi, la mti ambao kwetu haupo.

"Umetoa nini?" mume wangu akauliza, uso kwenye mto.

"Uzi tu wa bandeji," nikasema.

Akageuza uso upande wa dirisha.

"Kuna mvua nje?"

Nikatazama dirishani. Jua lilikuwa kali, limejaa uwanja mzima.

"Mbona mimi nimelowa?" akasema.