Upanga Uliotemewa Mate

Mate hayakukauka. Nasor aliutemea ule upanga saa tatu asubuhi, na hadi adhuhuri, pamoja na jua lote la Bujumbura lililomwagika dukani, bado yalikuwa mabichi juu ya chuma. Mtu mwingine angeshtuka. Lakini Nasor alikuwa na dharau, jamani, dharau iliyonona. Aliwadharau wauza visu wa sokoni, aliwadharau wapiganaji wa milimani waliorusha mabomu bila shabaha, na kuliko wote alimdharau shemeji yake Mazin, aliyeuleta upanga wenyewe.

Mazin aliuagiza kwenye intaneti kwa kutazama picha tu. Upanga wa Kimongoli, wa miaka mia saba, ala ya fedha yenye nyoka wa miguu minne na vijiwe vya buluu! Mnunuzi alikwishampata, mzungu mmoja wa mtaa wa Kinindo, ila mzungu alitaka kwanza cheti cha Nasor. Mji mzima ulijua kwamba neno la Nasor juu ya chuma halinunuliki. Ukoo wake uliuza majambia tangu Omani, na yeye hakuwahi hata siku moja kuiita ya kale silaha isiyo ya kale. Vita vilimnyang'anya wateja na usingizi, lakini jina hilo alibaki nalo.

Alikichoma kipini, kilichodaiwa kuwa cha pembe, kwa sindano ya moto, kikanuka plastiki. Akapitisha msasa, mawimbi yaliyochorwa juu ya chuma yakafutika kama wanja. Basi akafanya kama walivyofanya wazee wake kwa kila silaha ya bandia, ili ishike kutu isimdanganye mwingine: akautemea mate.

"Hii waliifanya juzi," alimwambia Mazin. "Na mwenye kuifanya alikuwa na haraka ya kwenda kula."

Mazin aliondoka kichwa chini, upanga akauacha mezani. Miza, mke wa Nasor na dada yake Mazin, ndiye aliyeyaona yale mate. Aliona haya kwa ajili ya ndugu yake, akashika pindo la kanga, akayapangusa.

Papo hapo duka likanuka jasho la farasi na maziwa yaliyochacha. Mtaa mzima hapakuwa na hata punda. Halafu zikaja kwato, mchana kweupe, juu ya sementi, zikizunguka meza, zikizunguka tena, zikisimama nyuma ya Miza, naye akaketi sakafuni polepole kama mtu aliyeshikwa mabega, akakataa maji siku hiyo na ya pili na ya tatu, midomo ikampasuka, macho yakamwingia ndani, na kila Nasor alipomkaribia alimtazama kwa jicho ambalo Nasor alilijua vizuri kwa sababu lilikuwa lake mwenyewe, jicho la mtu anayepima kitu na kuona hakifai kitu.

Mwalimu Seifu, mpunga majini, akaja kutoka mtaa wa Buyenzi na kombe lake, sahani ya aya za kuoshwa na kunywewa, akasoma mpaka shingo ikalowa jasho. Mwisho kinywa cha Miza kikafunguka, ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, yenye maringo.

"Mi niko mutu mukubwa. Huyu alinitemea mate. Aandike kama upanga yangu ni ya kweli, aweke muhuri. Akikataa, naondoka na bibi yake."

Nasor alicheka. Akamnong'oneza mwalimu kwamba upanga ni wa uongo, na jini linalojivunia plastiki ni la uongo vilevile.

"Pengine," Seifu akamjibu kwa sauti ya chini. "Lakini bibi yako anakufa ya kweli."

Nasor akamtazama Miza. Miaka ishirini na mbili ya ndoa. Akachukua kalamu. Mkono ulimkataa mara mbili, akaulazimisha, akaandika: ni upanga wa kale. Akagonga muhuri huku machozi ya hasira yakimtoka. Harufu ikatoweka. Miza akaomba maji, akanywa jagi zima, akalala. Jioni ileile Mazin akaja, akachukua upanga na cheti, hata salamu za maana hakutoa.

Asubuhi Nasor akafungua duka. Aibu ilimla, lakini mke wake alikuwa nyuma ya pazia akichemsha chai, na hilo lilimtosha. Mteja wa kwanza alikuwa Concilie, muuza ndizi, aliyeleta kisu chake cha kumenyea, kipya, bado kina karatasi ya dukani. Alitaka tu kujua kama chuma chake ni kizuri.

Nasor alikipokea, akakitazama, akafungua kinywa kumwambia kwamba ni bati tupu. Ulimi ukageuka peke yake.

"Ya kweli," alisema. "Miaka mia saba."

Concilie akacheka akidhani ni mzaha. Nasor akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka, na maneno yakawa yaleyale, safari hii kwa sauti nzito, yenye maringo. Nyuma ya pazia birika lilianguka. Miza alikuwa ameitambua ile sauti. Siku tatu nzima ilikuwa imekaa kooni mwake yeye.